Karo lako limekaguliwa na limefeli? Usikimbilie kununua tangi jipya, soma huu uzi kwanza

Majitaka_Salama (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Najua humu kuna watu wameletewa barua kwamba mfumo wao wa majitaka haujafikia viwango vya mazingira, wengine wanauza nyumba na mnunuzi kagoma mpaka aone ripoti ya ukaguzi, na wengine hata barua hawajapata ila kila mvua ikinyesha nyuma ya nyumba panatoa harufu. Kazi yangu ndo hii, kumtoa mwenye nyumba kwenye "umefeli" mpaka "umepita", na kitu kinachoniuma ni kuona mtu anapata barua leo, kesho kashaita watu wachimbe, anaweka tangi kubwa jipya kwa hela ya mkopo, afu mkaguzi akirudi anafeli tena kwa sababu ile ile. Tatizo lake halikuwa tangi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ninunue nini, jiulize maji yangu yanaishia wapi. Ukilijibu hilo kwa uhakika, umeshajua nusu ya kazi.

Mfumo wa kawaida wa nyumba ambayo haijaungwa kwenye mtandao wa majitaka una sehemu mbili na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni karo, wengine mnaita septiki. Maji ya chooni, bafuni na jikoni yanaingia humo yanatulia siku moja au mbili, kizito kinazama kinakuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea juu kama utando, na katikati panabaki maji ya kijivu ambayo ndo yanatoka upande wa pili. Bakteria wasiotaka hewa wanakula sehemu ya lile tope. Watu wanadhani hapo kazi imeisha, wapi, hayo maji yanayotoka bado yamejaa vijidudu na naitrojeni. Sehemu ya pili ndo inayosafisha na hiyo sehemu ni UDONGO. Maji yanasambazwa kwenye mitaro yenye kokoto au kwenye shimo la kunyonyea, yanapenya taratibu kwenye udongo mkavu wenye hewa, bakteria wa humo wanamalizia kazi na vijidudu vinanaswa njiani kabla maji hayajafika kwenye maji ya ardhini.

Sasa viwango vya nchi mbalimbali ukivisoma vina kurasa nyingi lakini kiini chake ni kile kile: maji yako yasitokeze juu ya ardhi, yasiingie mtoni wala kwenye mtaro wa mvua bila kusafishwa, yasifike kisimani kwako wala kwa jirani, na karo lisivuje. Uingereza kwa mfano, England walisema wazi kwamba karo lolote lililokuwa linamwaga moja kwa moja mtoni au kwenye mfereji lazima libadilishwe au lirekebishwe kufikia tarehe 1 Januari 2020. Hawakujali karo ni zuri kiasi gani, walijali linamwaga wapi.

Nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kujua ulichonacho, maswali karibuni.

NyumbaYaKona

Naweka kambi hapa. Mkuu mi nimenunua nyumba ya zamani, hata karo lenyewe sijui liko wapi, aliyeniuzia ni mzee na hakumbuki.

Majitaka_Salama

NyumbaYaKona hiyo kawaida sana wala usione aibu. Anzia ndani. Tafuta bomba kubwa la choo linatokea ukuta gani, simama hapo nje, angalia linaelekea wapi. Mara nyingi karo liko mita chache tu kutoka ukutani. Chukua kipande cha nondo chembamba, chomachoma ardhi taratibu kufuata ule mstari mpaka usikie kimegonga zege, ila taratibu jamani, usije ukatoboa bomba. Kama kuna ramani ya ujenzi ofisi ya ardhi au ya vibali, iombe. Ukilipata, pima umbali wake kutoka kona mbili za nyumba, chora kwenye karatasi, piga picha, hifadhi. Hicho kimchoro ndo karatasi ya kwanza kwenye faili lako na mkaguzi yeyote atakayekuja atafurahi kukiona.

Sasa kufungua. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. USIINGIE NDANI YA KARO, hata kama limenyonywa, hata kama ni dakika moja, hata kama simu imedondoka. Humo kuna gesi ya salfa inayonuka kama yai viza na hatari yake ni kwamba ikizidi pua inaacha kuisikia, unadhani imeisha kumbe ndo inakuua. Kuna methani pia, kwa hiyo hakuna sigara wala moto. Na wanaokufa mara nyingi ni wawili au watatu, wa kwanza kaanguka, wengine wakamfuata kumwokoa. Mtu akianguka ita waokoaji wenye vifaa, usishuke. Na mfuniko usiachwe wazi hata kidogo kama kuna watoto jirani.

Ukishafungua, unapima ukiwa umesimama nje. Tafuta mti mrefu kama mita mbili na nusu, nusu yake ya chini izungushie kitambaa cheupe cha taulo, kaza na kamba. Uteremshe taratibu upande wa maji yanapotokea mpaka uguse sakafu, acha dakika kadhaa, uzungushe kidogo, uchomoe wima. Utaona kabisa kwenye taulo pale tope lilipoishia, chini kitambaa ni cheusi kimeshika chembe na juu yake kina rangi hafifu ya maji. Pima hiyo sehemu nyeusi. Kwa utando wa juu tumia mti mwingine wenye kibao kidogo kimepigiliwa chini kwa pembe, sukuma upite utando, vuta juu polepole mpaka kibao kikwame chini ya utando, weka alama.

Tope na utando ukijumlisha vikafika theluthi moja ya kina cha maji, muda wa kuita gari la kunyonya umefika. Shirika la mazingira la Marekani lenyewe linasema kagua karo angalau kila miaka 3 na kwa kawaida linahitaji kunyonywa kila miaka 3 mpaka 5, lakini nyumba ya watu wawili na nyumba ya watu tisa haziwezi kulingana, ndo mana nawaambia pimeni.

Fundi_Bomba

Mleta uzi umeongea vizuri, naongezea kutoka field. Karo nyingi ninazofungua zimefeli kwa kitu kidogo sana, ile tii ya kutokea (kipande cha bomba chenye umbo la herufi T) haipo. Imeoza ikadondoka au haikuwekwa tangu siku ya kwanza. Ile tii kazi yake ni kuchukua maji ya katikati, mguu wake unazama chini ya utando lakini haufiki kwenye tope. Isipokuwepo, mafuta na vinyesi vinatoka vyenyewe moja kwa moja kwenda kuziba mitaro ya kunyonyea, afu mwenye nyumba anaambiwa udongo wako mbaya. Udongo wake ulikuwa mzima, umezibwa. Ukiangalia na tochi kutoka juu utaiona kama ipo.

Kingine maji ya mvua. Kuna nyumba bomba la kutoka paani limeunganishwa kwenye karo, mvua moja kubwa inasukuma tope lote nje. Kata hiyo kitu, peleka mvua kwingine. Na flashi ya choo inayovuja kimya kimya, weka rangi ya chakula kwenye tangi la flashi, usiflashi, subiri, rangi ikitokea bakulini inavuja. Choo kimoja kinaweza kupoteza lita 700 kwa siku namna hiyo na zote zinaenda kwenye karo, karo halipati muda wa kutuliza chochote.

Majitaka_Salama

Fundi barikiwa. Naomba watu msome hiyo post mara mbili, maana hivyo vitu vitatu (tii, maji ya mvua, choo kinachovuja) ni rahisi kuliko tangi jipya na vinawafelisha watu kila siku. Wakati wa kubadili tii weka na chujio kwenye tundu la kutokea, linanasa chembe zisiende kwenye udongo, unalitoa unalisafisha kwa mpira wa maji huku maji yakirudi ndani ya karo, sio uwanjani.

Kuna kipimo kingine cha bure siku gari la kunyonya linapokuja. Usikae ndani. Kabla hawajaanza angalia kiwango cha maji: kikiwa chini ya tundu la kutokea na nyumba inatumika kama kawaida, karo linavuja. Kikiwa juu ya tundu, mbele kumeziba. Wakishanyonya, muombe dereva asubiri kidogo muangalie lile bomba la kutokea, kama maji yanarudi nyuma yanadondokea ndani ya karo tupu, basi uwanja wako wa kunyonyea (ile mitaro au shimo) umejaa na hapo tangi jipya halitakusaidia chochote. Dakika kumi hizo zinakuepusha na hasara kubwa sana. Na uulize linakokwenda kumwaga, chukua risiti, kwenye ukaguzi mwingi risiti ya kunyonya kutoka kwa mtu mwenye kibali ni ushahidi, na lile tope likimwagwa porini umehamisha uchafu wako kumpelekea mwingine.

kidakamvua

Mkuu kuna dawa inauzwa ya bakteria wa unga, wanasema ukimwaga chooni kila mwezi karo halijai milele. Vipi hii?

Majitaka_Salama

kidakamvua okoa hela yako. Bakteria wanaohitajika wanaingia kila mtu akienda chooni, karo halijawahi kukosa bakteria. Hakuna dawa inayofuta haja ya kunyonya kwa sababu sehemu ya tope haiozi kabisa. Na zile kemikali kali za kuyeyusha mafuta ndo mbaya zaidi, zinalainisha vilivyoshikwa ndani ya karo vikatoka kwenda kuziba udongo, na zenyewe zinaingia kwenye maji ya ardhini. Linda bakteria ulionao: usimwage ndoo za blichi, rangi, mafuta ya gari, dawa zilizoisha muda. Mafuta ya kupikia futa sufuria tupa kwenye takataka. Wipsi, pedi, nepi, kondomu, vyote havina kazi chooni hata kama pakiti imeandikwa vinaflashika.

mwenye_kisima

Naomba kuuliza na hili linaninyima usingizi. Nina kisima na shimo la kunyonyea kwenye kiwanja kimoja, vyote nilivikuta. Nina mtoto mchanga. Umbali salama ni upi?

Majitaka_Salama

mwenye_kisima pole dada/kaka, na umefanya vizuri kuuliza. Hakuna namba moja ya dunia nzima, sheria ya ulipo ndo inayokubana, ila nikupe picha. Mwongozo wa Sphere unaotumika kwenye misaada ya dharura unataka mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na sehemu ya chini ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. England kwa uwanja wa mitaro wanataka mita 50 kutoka maji yanapovutwa, mita 10 kutoka mto au mfereji na mita 15 kutoka jengo lolote. Na umbali peke yake hautoshi: kisima kikiwa upande wa chini wa mteremko, au ardhi ni mwamba wenye nyufa au mchanga mkubwa, hata hizo mita zinaweza zisitoshe.

Kwa mtoto, leo hii wakati unasubiri kujua, usitumie hayo maji kuchanganya maziwa yake. Peleka sampuli maabara wapime vitu viwili. E. coli, bakteria wa kinyesi, ambayo kwenye maji ya kunywa haitakiwi kuonekana kabisa kwenye mililita 100. Na naitireti, yani ile naitrojeni ya majitaka ikishabadilika kwenye udongo, Shirika la Afya Duniani wameweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga hasa, mana naitireti ikizidi inazuia damu ya mtoto kubeba oksijeni, anabadilika rangi anakuwa wa bluu. Na hapa watu wengi hawajui: KUCHEMSHA HAKUONDOI NAITIRETI, kunapunguza maji na naitireti inabaki pale pale kwa hiyo inazidi kukolea. Kuchemsha kunaua vijidudu tu.

Majibu yakija ya juu, usisubiri barua ya mtu yeyote. Shimo lihamishwe au liachwe, na hapo ndo mnaongelea uwanja mpya wa mitaro mbali na kisima au mtambo unaosafisha zaidi.

mwenye_kisima

Asante sana. Nimeshaacha kumpa, natafuta maabara kesho asubuhi.

NyumbaYaKona

Na kama udongo wenyewe ni mfinyanzi? Kwetu mvua ikinyesha maji yanasimama siku mbili.

Majitaka_Salama

Hapo ndo unapima udongo badala ya kubishana na fundi. Njia wanayotumia Uingereza ni nyepesi mtu yeyote anaweza kuielewa. Unachimba mpaka kina ambacho bomba la mtaro litakaa, afu chini ya hapo unachimba kashimo ka milimita 300 kwa 300 kenye kina cha milimita 300. Kajaze maji jioni yanyonywe usiku kucha, ili udongo ushibe kwanza. Asubuhi jaza tena, sasa shika saa. Unahesabu sekunde maji yanaposhuka kutoka robo tatu mpaka robo moja, yani milimita 150. Gawanya sekunde kwa 150. Rudia angalau mara tatu, kwenye angalau vishimo viwili, chukua wastani. Usifanye wakati wa mvua kubwa wala ukame mkali.

Ikizidi sekunde 100 kwa milimita, mitaro ya kawaida haifai hapo. Ikiwa ndogo sana nayo sio nzuri, maji yanakimbia kabla hayajasafishwa. Ikiwa katikati, eneo la chini ya mitaro kwa mita za mraba ni idadi ya watu zidisha hiyo namba zidisha 0.25. Mfano watu 6 na sekunde 20 kwa milimita, 6 x 20 x 0.25 = mita za mraba 30. Mtaro wa upana wa nusu mita unahitaji urefu wa mita 60. Sasa linganisha na kale kashimo kamoja ulikonako nyuma ya nyumba, utaelewa kwa nini kanafurika.

Udongo ukigoma kabisa bado kuna njia. Kuna kilima cha mchanga kinachojengwa juu ya ardhi, pampu inasukuma maji juu yake kidogo kidogo yakachujwa kabla ya kufika ardhi ya asili. Kuna mitambo midogo inayopuliza hewa ndani ya tangi, maji yanatoka masafi zaidi kwa hiyo unahitaji eneo dogo zaidi na sehemu nyingine unaruhusiwa kumwaga mtoni kwa kibali. Ila mtambo wa hewa unataka umeme muda wote na unataka mtu wa kuuhudumia kwa mkataba. Ukizima kipulizio kuokoa umeme, bakteria wanaotaka hewa wanakufa, ndani ya muda mfupi unamwaga uchafu kama zamani na umeme uliookoa hauna faida. Naona watu wanauziwa mtambo bila kuambiwa hilo na inanikera kweli.

Dada_wa_Mtaa

Mimi nina swali la upande mwingine. Mtaani kwetu wengi ni wazee na wajane, mkaguzi anakuja anawaandikia makosa anaondoka. Hela hawana. Kuwapiga faini kutasafisha mto?

mkaguzi_mstaafu

Dada umegusa penyewe. Nimefanya ukaguzi miaka mingi na naongea kwa uchungu, ripoti inayosema "haijafikia viwango" na kuishia hapo ni kumtupa mwenye nyumba. Ripoti nzuri inaandika kilichoonekana, kwa nini ni kosa, kirekebishwe kwa utaratibu upi, na kipi kianze.

Angalieni Ayalandi. Mahakama ya Ulaya iliwakuta na hatia mwaka 2009 kwa kutosimamia majitaka ya nyumba za vijijini, mwaka 2012 wakatunga sheria, wenye nyumba wakatakiwa kusajili mifumo yao mpaka tarehe 1 Februari 2013, na Desemba 2012 mahakama ikaipiga nchi faini ya yuro milioni 2. Kwa hiyo kulikuwa na presha kubwa. Ukaguzi ulipoanza, takriban nusu ya mifumo inayokaguliwa ilikuwa inafeli, na sababu nyingi zilikuwa za matunzo, karo halijanyonywa, linavuja, maji ya mvua yanaingia. Mengi ya hayo hayahitaji kujenga upya. Kwa yanayohitaji kazi kubwa serikali ikaweka ruzuku, mwanzoni masharti yalikuwa magumu, wakaja wakalegeza, na mwaka 2024 ikapandishwa mpaka kikomo cha yuro 12,000. Hayo yote waliyajua baada ya kuona kwamba watu wanaambiwa wamefeli na bado hawarekebishi.

Ufaransa kila eneo lina idara ya umma ya kukagua mifumo binafsi, na nyumba ikiuzwa lazima ripoti iwepo, ya chini ya miaka 3. Mfumo ukiwa mbovu mnunuzi ana mwaka mmoja kurekebisha. Hapo gharama inaingia kwenye mazungumzo ya bei, mzee hatozwi hela ambayo hana. Maryland kule Marekani tangu 2004 wana mfuko unaochangiwa na watumiaji wa majitaka wote, unalipia nyumba za karibu na ghuba ya Chesapeake kuweka mifumo inayoondoa naitrojeni. Hawaii wao wana mashimo yasiyo na sakafu zaidi ya 80,000 na sheria yao ya 2017 imetoa muda mpaka 2050 kuyabadili yote. Muda mrefu, ndiyo, lakini kila mwenye nyumba anajua tarehe.

Majitaka_Salama

mkaguzi_mstaafu shikamoo mzee wangu, hiki ndo nilikuwa nasubiri mtu aseme.

Dada_wa_Mtaa jibu langu ni hapana, faini peke yake haisafishi mto. Niongezee ya vitendo. Moja, jikusanyeni. Mkiita gari la kunyonya nyumba kumi siku moja mnaongea bei tofauti na mtu mmoja mmoja. Manila Ufilipino kampuni za maji zinapita mtaa kwa mtaa kunyonya kwa mzunguko wa karibu miaka 5, hakuna anayesubiri mpaka kufurike. Na kama viwanja ni vidogo kiasi kwamba hakuna mwenye eneo la mitaro, ulizeni kama mnaruhusiwa mtambo mmoja wa pamoja wa nyumba kadhaa, ila muandikiane kabisa nani anaulipia umeme na nani anauhudumia kabla hata jembe halijagusa ardhi.

Mbili, ukiomba ruzuku au mkopo wa serikali, soma masharti KABLA ya kuanza kazi. Programu nyingi hazilipi kazi iliyoanza bila idhini. Nimeona mama mmoja karekebisha kila kitu vizuri kabisa afu akanyimwa kwa sababu tarehe ya risiti ilitangulia tarehe ya idhini. Mkiwa na kijana anayejua kujaza fomu, akae na wazee nyumba kwa nyumba, huo ni msaada mkubwa kuliko semina.

Tatu, mkaguzi akiondoka muulize kwa upole, "nianze na kipi?" na umuombe akiandike. Una haki ya kujua.

kidakamvua

Hapo kwenye naitrojeni sijaelewa, karo likiwa zima na udongo mzuri bado kuna tatizo?

Majitaka_Salama

Ndiyo, sehemu zenye nyumba nyingi au karibu na ghuba, ziwa na visima. Karo alilosajili Mfaransa Jean-Louis Mouras mwaka 1881 ni la kushika na kuozesha kinyesi, kuondoa naitrojeni halikuwa jambo lake, na udongo wenye hewa unaibadilisha kuwa naitireti ambayo inasafiri na maji bila kunaswa. Nyumba moja shambani haina shida, nyumba mia tano kuzunguka ghuba moja ni mwani, samaki kukosa hewa. Ndo mana kuna maeneo wanadai mtambo unaopitisha maji kwenye hewa afu kwenye sehemu isiyo na hewa, hapo bakteria wanaigeuza naitireti kuwa gesi ya naitrojeni ya kawaida inarudi angani. Japani walishaacha kuruhusu mitambo mipya inayosafisha maji ya choo peke yake tangu 2001, lazima iwe na maji ya jikoni na bafuni pia, mana hayo nayo yalikuwa yanaenda mitoni machafu.

Fundi_Bomba

Kitu kimoja kabla sijasahau, karo la zamani likiachwa lisiachwe hivi hivi na mfuniko wa mbao. Linyonywe, litobolewe sakafu lisishike maji, lijazwe mchanga au kifusi kigumu likashindiliwa. Nimeshaona ng'ombe katumbukia. Na juu ya uwanja wa mitaro msipaki gari wala kupanda miti mikubwa, majani tu.

NyumbaYaKona

Wakuu narudi na mrejesho! Karo nimelipata, lilikuwa chini ya banda la kuku. Nimepima na taulo kama ulivyosema. Kina cha maji sentimita 150, tope 55, utando 12. Maji yako sawa na tundu la kutokea. Tii siioni, naona bomba tupu tu. Nilishaongea na mtu wa matangi nimpe oda wiki hii, nifanyeje?

Majitaka_Salama

Safi sana mkuu, umefanya kazi ya kitaalamu. 55 na 12 ni 67, kwenye 150 hiyo ni karibu asilimia 45, theluthi moja ingekuwa 50 tu, kwa hiyo umeshapitiliza na bila tii sehemu ya huo uchafu imeshaenda mbele. Lakini maji kuwa sawa na tundu ni habari njema, haivuji na haijaziba kabisa.

Oda ya tangi isimamishe. Ita gari la kunyonya, wakimaliza simama na tochi uangalie lile bomba kama kuna maji yanarudi. Siku hiyo hiyo Fundi_Bomba au fundi mwingine aweke tii na chujio akiwa nje, bomba likiwa halifikiki mpaka mtu ashuke basi achimbe pembeni alifikie kwa nje ya karo. Afu kile kipimo cha kishimo cha udongo ufanye ukipata siku kavu. Tuma picha ya bomba baada ya kunyonya na zile sekunde zako hapa, tutapiga hesabu ya mitaro pamoja. Na hao kuku wahamishe, mfuniko uweze kufunguliwa bila kubomoa kitu.